Mkono wa Nesi

Mama Pacha alikuwa fundi cherehani. Alishonea katika chumba cha mbele, mlango wazi kutwa nzima. Miguu ilikanyaga cherehani, mdomo ulipiga soga na wateja, na sikio moja lilikuwa kwa pacha wake waliolala mkekani. Walikuwa na miezi mitano. Mmoja walimwita Kelele, maana alilia hata aliposhiba. Mwenzake walimwita Mpole.

Siku hiyo Mama Pacha hakuwa na raha. Mtoto wa nyumba ya pili alikuwa na kifaduro. Alikohoa mpaka pumzi ikamkatika, na kikohozi chake kilisikika hadi barabarani. Pacha walikuwa wamechanjwa mara moja tu, walipokuwa wachanga. Siku ile Kelele alishikwa na homa, paja likavimba. Mama Pacha akalikanda kwa maji ya moto, likavimba zaidi. Akaapa kwamba hawapeleki tena. Sasa kila mtoto yule alipokohoa, aliacha kushona akaenda kuwatazama pacha.

Mchana akaingia nesi wa zahanati ya mtaa, kitambaa cheupe kwapani. Alitaka sare mpya.

"Dada, umenenepa, au ni macho yangu?" Mama Pacha alimtania.

"Ndiyo maana nimekuja. Sare ya zamani imenikataa."

Mama Pacha akampima mabega na kifua. Utepe ulipozunguka mkono wa kushoto, nesi akashtuka.

"Polepole, mwenzangu. Mkono huo unauma."

"Umeanguka?"

"Nimechanjwa jana. Chanjo ya homa ya ini, dozi ya kwanza kati ya tatu."

Mama Pacha akaushusha utepe. "Kumbe na nyinyi manesi inawauma?"

"Kwani sisi tumeumbwa kwa mbao?" Nesi alicheka, kisha akaketi. "Nikwambie ukweli. Nimeikwepa chanjo hii miaka mingi. Nikiitwa, naanza kupanga kabati. Nilisikia eti inalegeza mkono, nikaamini, mtu mzima mimi. Mwezi uliopita mwenzangu alijichoma kwa sindano iliyotoka kwa mgonjwa wa homa ya ini. Yeye alikuwa amemaliza chanjo zake, kwa hiyo hakuugua. Ningekuwa mimi, sijui. Nikaona haya."

Mama Pacha hakuwahi kumsikia nesi akisema maneno kama hayo. Alizoea kukaripiwa. Basi naye akautua mzigo wake.

"Kelele alipopata homa, nilidhani namzika. Aliyemchoma hakuniambia kitu. Alisema tu, 'Anayefuata.' Na mbona Mpole hakupata homa? Nikajua ya Kelele ilikuwa mbovu."

"Pole sana, dada. Hilo ni kosa letu. Tulipaswa kukueleza." Nesi hakujitetea hata kidogo. "Chanjo ilikuwa ileile. Miili ndiyo haifanani. Chanjo inaufundisha mwili kupigana na ugonjwa, na mwili ukijifunza unaweza kupata joto. Homa hiyo huisha kwa siku moja au mbili. Mnyonyeshe mara kwa mara, mvalishe nguo nyepesi. Pajani weka kitambaa safi cha maji baridi. Usikande. Ila homa ikipita siku mbili, au akikataa kunyonya, au ukiona hali inakutia shaka, mlete mara moja."

"Na kifaduro hiki cha jirani?"

"Chanjo ileile ya pajani ndiyo inayokikinga, ila wamekosa dozi zilizofuata. Dozi moja haitoshi. Lakini hamjachelewa. Hatuanzi upya, tunaendelea pale tulipoachia."

Mama Pacha alimtazama yule mwanamke akiusugua mkono wake unaouma. Alimpenda kwa ukweli wake. Kama angejifanya shujaa, asingemwamini.

Kesho yake alifunga cherehani asubuhi, akambeba mmoja mgongoni na mwingine kifuani. Kule zahanati, Kelele alipiga ukelele kabla ya kuchomwa. Nesi akamweleza tena mambo yote, taratibu, kama hawakuwahi kuzungumza.

Jioni homa ikaja. Safari hii ilimshika Mpole. Kelele alikuwa anacheka na vidole vyake.

Mama Pacha alicheka peke yake. Kumbe kweli, hakuna aliyepewa mbovu. Alimnyonyesha Mpole, akampunguzia nguo, akaweka kitambaa cha maji baridi pajani. Maji ya moto hakuyagusa. Siku iliyofuata homa ilikwisha. Nesi alimpa tarehe ya dozi ya mwisho, naye akaitimiza. Kikohozi cha mtaani hakikuingia nyumbani kwake, na yule mtoto wa jirani, baada ya matibabu marefu, naye alipona.

Wateja wakija na maneno ya chanjo, Mama Pacha hawakaripii. Anawauliza kwanza wanaogopa nini, kisha anawasikiliza, kama alivyosikilizwa yeye.

Wiki moja tu baada ya kupimwa, nesi alipokuja kuchukua sare, aliivaa, akajitazama kwenye kioo.

"Mbona mkono wa kushoto ni mpana kuliko wa kulia?"

"Una dozi mbili zimebaki," Mama Pacha alisema, akikata uzi kwa meno. "Sitaki kusikia eti mkono wa sare haupandi."