Mistari Iliyopinda Ukingoni

Kioo cha kipimo kilikuwa kimeibwa, na mwizi alikuwa na adabu ya kuacha kingine mahali pake. Ndiyo maana wizi haukugunduliwa hadi saa nne.

Inspekta aliinama juu ya sanduku la mbao za kreti. Ndani yake taa ya manjano iliangaza karatasi nyeupe. Msichana aliyelitengeneza alimweleza kwamba ukiweka kioo kilichosuguliwa juu ya kile cha kipimo, unaona mistari ya giza. Ikinyooka, uso wa kioo umenyooka. Ikipinda, kazi bado.

Asubuhi hiyo mistari ya vioo vyake vyote ilipinda. Mteja angefika saa tisa. Mwenye karakana hiyo ya kusugua vioo, ambaye ni baba mdogo wa msichana, alikwisha kumwambia kwamba mteja akivikataa, arudi kwao na kazi aachiwe mzee aitwaye Kidole.

"Vyangu viko sawa," alisema msichana. "Hicho cha chini ndicho kisicho chenyewe. Kipime uzito."

Mizani ilionyesha upungufu wa gramu kumi na mbili kuliko uzito wa kioo halisi alioupima msichana zamani.

Kidole alikuwa fundi mkuu. Jina alilipata kwa sababu kwa miaka thelathini alikagua vioo kwa kidole gumba, na wateja walimwamini kama daktari. Tangu sanduku lije, hakuna aliyemwita kukagua chochote. Alimwambia Inspekta kwamba karakana si mahali pa michezo ya watoto.

Mlango haukuvunjwa, na ufunguo walikuwa nao watatu tu: mwenye karakana, Kidole na msichana. Alama za vidole hazikupatikana kwa kuwa kioo kilifutwa kwa spiriti. Inspekta akaomba vioo vya zamani vya kila mmoja, akaviweka kimoja kimoja sandukuni juu ya kioo cha msichana badala ya kile kilichoibwa, na mwisho akaweka kile bandia.

Kisha akamwita Kidole peke yake.

"Kioo bandia kimesuguliwa humu karakanani?"

"Nitajuaje?"

"Katikati kimeharibiwa kwa makusudi. Lakini upande mmoja wa ukingo mistari inapinda na kuanguka ghafla. Mistari ya vioo vyako vya zamani inaanguka hivyohivyo. Ya wenzako haianguki."

Kidole alitazama kidole gumba chake cha kulia, kile kisichokunjika, kilichokandamiza ukingo kila aliposugua.

"Uliwahi kuchungulia ndani ya sanduku?" aliuliza Inspekta.

"Kamwe. Msichana aliniita siku ya kwanza, nikamwambia nina kazi."

"Ungechungulia, ungeona alama ya mkono wako kabla yangu."

Mzee akakaa. Alikiri kwamba kioo halisi kiko kabatini kwake, kimefungwa kwa shati lake jipya, kwani kukivunja hakuweza. Wivu ulimla, alisema. Bwana mkubwa, mwenye karakana, alikuwa akiingia asubuhi na kumwamkia yeye kwanza. Sasa alimpita na kwenda moja kwa moja kwenye sanduku la yule mtoto, akicheka naye. Alitaka sanduku lionekane linadanganya, basi.

Inspekta alitoa pingu, akasita, akamwonyesha sanduku.

Kidole aliinama. Alitazama kioo chake cha zamani, kile alichokuwa akijisifia kwa wateja. Akakizungusha, akatazama tena ukingo.

"Vyangu vyote viko hivi?"

"Vyote."

"Na vyake?"

Inspekta akabadilisha kioo. Mistari ilinyooka pande zote.

"Basi nilimwonea wivu kwa haki," alisema Kidole, akanyoosha mikono ifungwe pingu.