Zamu ya Maji ya Bibi Escolástica

Kila asubuhi ya kiangazi Delfina Archuleta aliamka mapema, akawasha jiko la kuni, akampashia baba yake maharagwe na chapati za mahindi, kisha akatoka kulisha mbuzi. Hizo ndizo kazi zake, na alizifanya bila kusukumwa. Kazi asiyoipenda ilikuwa moja tu, nayo ni kulinda maji shambani.

Katika kijiji cha San Liborio, chini ya milima ya New Mexico, kila mtu aliishi kwa mfereji. Mababu waliuchimba kwa mikono yao walipofika kutoka kusini, na sheria yake walikuja nayo. Kila shamba lina zamu. Asiyekuja kuusafisha mwanzo wa mwaka hana neno la kusema wakati wa ukame. Mwaka ule baba yake Delfina, Procopio, ndiye aliyekuwa msimamizi wa mfereji. Alikuwa mtu wa maneno machache, ila ukimgusia mfereji atasema mpaka uchoke.

"Mwalimu wenu anasema sheria zote za nchi hii zililetwa na meli za Waingereza," alisema huku akivaa buti. "Mwambie hii yetu Wamarekani waliikuta hapa. Hata mahakimu wa Santa Fe wanaifuata. Haya, sikiliza. Mimi na wenzangu tunakwenda kutengeneza bwawa. Maji ni yetu mpaka kengele ya adhuhuri. Ikilia tu, funga lango letu, yateremke kwa Bibi Escolástica. Na ukague kingo, fuko wametoboa kila mahali."

"Ndiyo, baba."

Delfina alifungua lango, maji yakaingia kwenye mahindi. Hazikupita dakika nyingi akatokea binamu yake, Nazaria.

"Wewe na maji yako!" Nazaria alicheka. "Njoo tufanye mazoezi ya dansi. Sikukuu ya mtakatifu imekaribia, na wewe bado unawakanyaga wenzio kama punda."

"Punda ni wewe!"

Wakaenda nyuma ya ghala, wakacheza na kubishana mpaka kengele ya kanisa ikalia. Delfina alikimbia shambani. Nusu ya mahindi ilikuwa kavu kabisa. Maji yalikuwa yakitoroka kwenye tundu la fuko na kumwagikia magugu ya kando ya barabara. Alipiga magoti akaliziba kwa mawe na udongo.

"Baba ataniua," alisema.

"Acha lango wazi mpaka mahindi yashibe," Nazaria alimwambia. "Nani atajua? Wanaume wote wako bwawani."

"Na Bibi Escolástica je?"

"Kati yenu na yeye si yupo yule gringo? Watamsema yeye, kama kawaida."

Gringo huyo, jina la dharau walilowaita Wamarekani weupe, alikuwa Bwana Pruitt aliyenunua shamba la katikati. Delfina aliliangalia lango kwa muda. Kisha akaliacha wazi, na hakulifunga mpaka jua lilipokaribia kuzama, zamu ya Bibi ikiwa imekwisha.

Kule chini Bibi Escolástica, mjane mwenye mguu mbovu, alikaa kando ya lango lake na koleo mapajani, akingoja maji ambayo hayakuja. Shamba lake lote lilikuwa la pilipili. Kila mwaka alizikausha, akazitunga kwenye kamba ukutani, na hizo ndizo alizobadilishana na majirani kwa unga na nyama ya kondoo. Mto ulikuwa umepungua sana, zamu nyingine ilikuwa mbali, na pilipili zilizokuwa zikitoa maua hazikuweza kungoja.

Ilipofika Jumapili maua yalikuwa yameanguka na miche mingi imekauka. Baada ya misa wenye mashamba walikusanyika nje ya kanisa. Hakuna aliyeuliza nani kachukua maji. Wote walikuwa wakimtazama Pruitt.

"Shamba lake lilikuwa limelowa! Nililiona kwa macho yangu!" alifoka Toribio, baba yake Nazaria.

"Nilimwagilia jana yake," alijibu Pruitt kwa Kihispania chake cha kubabaisha. "Siku ya zamu yangu."

"Msikieni! Watu wako wameumeza mlima mzima, sasa unataka na mfereji?"

Watu walicheka, lakini kicheko chao kilikuwa na uchungu. Babu zao walilisha kondoo kwenye mlima ule, na mlima ulichukuliwa mahakamani na wageni waliojua kusema na majaji. Hasira ile ilikuwa ya haki. Ila siku ile ilielekezwa kwa mtu asiye na kosa.

Procopio alisimama mbele. "Aliyeiba zamu hapati maji tena mpaka mavuno," alisema. "Ndivyo sheria yetu isemavyo, na sheria hii haichagui mtu. Lango la Bwana Pruitt litafungwa leo."

Nazaria alimfinya Delfina mkono.

"Nyamaza," alimnong'oneza. "Ni gringo tu."

Delfina alimtazama Bibi Escolástica aliyekaa kwenye ngazi za kanisa, akijisugua goti. Akauondoa mkono wa Nazaria.

"Baba, ni mimi."

"Umesemaje?"

"Ni mimi niliyechukua maji ya Bibi. Ya kwetu yalipotea kwenye tundu la fuko nikiwa nacheza. Nikaogopa, nikaacha lango wazi."

Toribio ndiye wa kwanza kusogea, akamshika Procopio bega.

"Ni mtoto, ndugu yangu. Haya ni mambo ya nyumbani, yamalizwe nyumbani. Utajiaibisha mbele ya huyu?"

Procopio alimwendea Pruitt, akavua kofia yake, akamwomba radhi mbele ya kijiji kizima. Delfina hakuwahi kumwona baba yake akimvulia kofia Mmarekani. Afadhali angemchapa.

"Mngenifungia mpaka mavuno," Pruitt alisema, "na usiku mngelala vizuri tu." Akaingia kwenye pikapu yake na kuondoka. Watu walikuwa wakitazama viatu vyao.

Jioni ile Procopio alifunga lango lake mwenyewe kwa mnyororo. Mahindi yakaungua juani, na hakuna aliyemfariji. Kila asubuhi alimtuma Delfina kwa Bibi Escolástica, achote maji kisimani kwa ndoo na kumwagilia miche michache iliyokuwa bado na uhai. Ndoo kwa ndoo, miche ile ikanyanyua vichwa. Ilitosha kupata mbegu za mwaka ujao. Kwa chakula cha majira ya baridi haikutosha.

"Bibi," Delfina alisema siku moja, "Nazaria haongei nami tena. Anasema heri ningenyamaza. Anasema Wamarekani walichukua mlima wetu na hawakutuomba radhi."

"Ni kweli, hawakuomba." Bibi Escolástica aliweka koleo chini. "Unajua mlima ulikwendaje? Mtu mmoja alisimama mahakamani akaapa kwamba hatukuwahi kulisha kondoo kule. Waliojua kwamba anadanganya walikuwepo, na wengine walikuwa watu wetu. Wakanyamaza, kila mtu kwa sababu yake. Mume wangu aliwachukia hao kuliko yule mwongo, mpaka siku ya kufa kwake."

Delfina aliinamisha kichwa.

"Ukiificha kweli kwa sababu atakayeumia ni mtu usiyempenda," mama mzee aliendelea, "basi umefanana na waliotunyang'anya. Na sheria ya mfereji tutakuwa tumeiua sisi wenyewe, hatutakuwa na wa kumlaumu. Umesikia?"

"Nimesikia, Bibi." Delfina alitua ndoo. "Umenisamehe?"

Bibi Escolástica alitazama mistari ya pilipili iliyokauka, mmoja baada ya mwingine, mpaka mwisho wa shamba.

"Niulize majira ya baridi," alisema, "nikiwa na njaa. Sasa mwagilia mche ule wa mwisho. Taratibu, maji yasipotee."