Ndevu za Felisiani na Rangi ya Ubao

Kijijini kwetu Nyakitonto, Felisiani ndiye aliyepaka rangi ubao wa darasa la kisomo cha watu wazima. Alivunja betri kuukuu za redio, akasaga unga wake mweusi, akauchanganya na majani ya viazi yaliyotwangwa. Ubao ukawa mweusi ti!

Mkewe alifariki zamani. Mchana alilima maharage, jioni alikuja kusoma. Darasani alikuwapo Kezia, mjane mcheshi. Felisiani alimpenda, tena sana. Lakini ndevu zake zilikuwa nyeupe, akaona haya kusema.

"Atadhani natafuta mtu wa kunizika," alijiambia.

Siku moja rangi ya ubao ilibaki. Mtu mzima na akili zake, akaipaka ndevuni! Asubuhi kidevu kilivimba na kutoka malengelenge. Ndevu zilikakamaa.

Alijifunika shuka mpaka puani, akaenda dukani kwa jirani yake, Bi Mwanaamina, ambaye wazazi wake walitoka Ujiji.

"Mwakeye, Bi Mwanaamina," alisalimu kwa Kiha.

"Mwakeye. Jino linauma? Hebu fungua nione." Felisiani akafungua. "Yalaa! Umepaka nini?"

"Rangi ya ubao."

Bi Mwanaamina alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akamwonea huruma.

"Unga wa betri ni sumu, ndugu yangu. Unachoma ngozi. Osha kwa maji mengi na sabuni, halafu nenda zahanati. Ukipona kabisa, njoo. Marehemu baba alitia hina ndevuni mpaka uzeeni."

Kidevu kilipopona, Felisiani alirudi. Bi Mwanaamina alimwonyesha unga wa kijani.

"Hina ni majani yaliyokaushwa yakasagwa. Kwanza paka kidogo mkononi, ungoje mpaka kesho. Ikikuwasha, tuiache."

Haikumwasha. Kesho yake Bi Mwanaamina alikoroga hina kwa chai ya rangi yenye uvuguvugu, ikawa nzito kama uji. Akaifunika saa chache. Felisiani akaosha ndevu, akashika kioo, akapaka mwenyewe.

"Zitakuwa nyeusi?" aliuliza.

"Hapana. Ndevu nyeupe hushika wekundu, kisha rangi hutulia. Ukiuziwa hina nyeusi, jua imetiwa dawa nyingine. Iogope hiyo! Sasa kaa nayo mpaka alasiri, uoshe, upake kidogo mafuta ya mise, haya ya kokwa za michikichi. Nyeupe zikiota tena, rudia."

Felisiani alifuata yote. Ndevu zikalainika, zikawa na rangi ya kahawia nzuri. Alijitazama kiooni mpaka akachelewa darasani.

Kezia alimwona mlangoni. "Hee! Ndevu zimekuwaje?"

Felisiani alitaka kudanganya, akashindwa. "Ni hina. Nilitaka unione bado nina nguvu. Nakupenda, Kezia, nami nataka kukuoa."

Darasa zima likageuka kuwatazama. Mwalimu naye alisimama na chaki yake mkononi. Kezia alifungua kitambaa chake cha kichwa. Nywele zake zilikuwa nyeupe pee!

"Hiyo hina imebaki?" aliuliza.

"Imebaki. Iko nyumbani. Nikuletee?"

"Usiniletee," alisema Kezia, akifunga kitambaa chake. "Peleka wazee wako kwa kaka yangu. Hina nitaipaka huko huko kwako."