Bongo Aliyeandikwa Langoni

Ngendo hakuwa na darubini. Hakuwa na koti la mvua, wala viatu vya kukanyagia tope, ila raba zake za shule zilizokuwa zimeanza kuachama mbele. Hakuwa na simu ya kupigia picha. Hakuwa na baba, kwa maana baba yake alifariki yeye akiwa bado mchanga, na mama yake, Kagure, alishinda sokoni Nyeri mjini akiuza sukumawiki na vitunguu. Tena, ingawa alizaliwa Gatitu, ambako milima ya Aberdare huonekana kila asubuhi mawingu yakiinuka, hakuwa ameingia katika mbuga ya milima hiyo hata siku moja. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, na wanyama wa msituni aliwajua kwa picha za vitabuni tu.

Alichokuwa nacho ni macho mazuri, na macho hayo yalikuwa na kazi. Kila jioni baada ya shule alipita nyumbani kwa jirani yao, Cucu Phyllis, kumsomea gazeti. Cucu ni nyanya, yaani bibi, kwa lugha ya watu wa Gatitu, na Phyllis alikuwa cucu wa mtaa mzima. Zamani alikuwa muuguzi, mtu wa kusoma namba ndogo kwenye vichupa vya dawa. Sasa mtoto wa jicho alikuwa ameyafunika macho yake yote mawili, naye alikuwa akingoja zamu yake ya kupasuliwa hospitalini.

"Anza na matangazo ya vifo," Cucu alizoea kusema. "Hao walio hai wanaweza kungoja."

Mwezi wa nne, Cucu alipotimiza miaka themanini, mwanawe Gicheru anayeishi Mwea alimpa zawadi ya safari ya siku moja mbugani, gari lake peke yake na dereva wake peke yake. Dereva alikuwa Mzee Usman wa Nyeri mjini, baba yake Sumayya, ambaye alisoma gredi ya saba pamoja na Ngendo.

"Nitakwenda kutazama nini na macho haya?" Cucu aliuliza. Kisha akajijibu mwenyewe. "Nitabeba mengine. Ngendo, mwambie mama yako ninakuazima Jumamosi."

Usiku wa safari haukuwa umekwisha vizuri walipoondoka. Saa kumi na mbili asubuhi walikuwa langoni, na saa moja walikuwa ndani ya ukungu mzito. Gari kuukuu la Mzee Usman lilipanda milima likiguna, likateleza kwenye tope, likapita katikati ya mianzi iliyoinama kwa maji. Ngendo alisimama pale paa lilipofunguliwa, akashika chuma baridi.

"Unaona nini?" Cucu aliuliza.

"Ukungu, Cucu."

"Na nyuma ya ukungu?"

"Ukungu mwingine."

Mzee Usman alicheka. "Huyo mtoto ni mkweli, Mama Gicheru. Wageni wengine wangeshaona simba watatu."

Waliona nyati waliosimama barabarani kama watu wenye shamba lao. Waliona kima, ngiri wawili, na mavi ya ndovu yaliyokuwa bado yanatoa mvuke, lakini ndovu mwenyewe hawakumwona. Kila kitu Ngendo alikieleza, na kila alipomaliza, Cucu aliuliza tena, "Na sasa unaona nini?" Mpaka saa sita shingo ilimuuma, raba zilikuwa zimelowa, na harufu ya dizeli ilimkaa kichwani.

Alijua Cucu anatafuta nini. Njiani Cucu alikuwa amewasimulia. "Nilikuwa na miaka tisa. Nilikwenda na mama yangu kuokota kuni pembeni mwa msitu. Akatoka ndongoro, huyu mnayemwita bongo. Swala mkubwa, mwekundu kama udongo wetu, na mistari myeupe ubavuni kama amepakwa chokaa. Akanitazama, akarudi alikotoka. Sikumwona tena maisha yangu yote. Nasikia wamebaki wachache sana. Nataka tu kujua kama bado wako."

Adhuhuri Mzee Usman alisimamisha gari kwenye uwanja mdogo ambapo watu waliruhusiwa kushuka. Walikula viazi vitamu na nduma, wakanywa chai ya chupa. Kisha Mzee Usman akatawadha kwa maji ya chupa, akatandika mkeka wake upande wa pili wa gari, akaelekea kaskazini na kuanza kuswali.

Cucu na Ngendo walibaki garini.

"Ngendo," Cucu alisema polepole, "tangu asubuhi hujanitajia kitu chekundu hata kimoja."

Ng'ambo ya uwanja, tawi lilitikisika. Labda alikuwa pongo, yule swala mdogo wa kawaida. Labda ni majani ya kahawia yaliyolowa.

"Kuna kitu pale," Ngendo alisema.

"Rangi gani?"

"Nyekundu kidogo." Hapo alikuwa bado hajatoka mbali na ukweli.

"Ana mistari?"

Angeweza kusema hajui. Lakini akisema hajui, ataulizwa tena, na tena, mpaka jioni, naye alikuwa amechoka kuwa mtu wa kuleta ukungu peke yake.

"Ana mistari, Cucu."

Mkono wa bibi kizee ukamshika. "Yuko peke yake?"

"Ana mtoto."

Mtoto huyo alitoka wapi, Ngendo mwenyewe hakujua. Neno lilitoka lenyewe. Machozi yalimteremka Cucu taratibu, naye hakuyafuta.

Mzee Usman alipotoa salamu kulia na kushoto na kukunja mkeka, aliwakuta hivyo. Alipoelezwa, aliketi kwenye hatua ya gari. "Miaka kumi na tisa naleta watu humu," alisema, "bongo sijamwona. Leo anapita mgongoni kwangu naswali." Alitaka kwenda kutazama nyayo, lakini mvua ilianza kumwagika, na Cucu alikuwa akitetemeka kwa baridi. Wakaondoka.

Langoni palikuwa na kitabu kikubwa. Kila mgeni aliyeona mnyama adimu aliandika humo jina la mnyama, mahali na saa. Dereva wake naye alitia sahihi chini, kuthibitisha. Askari wa wanyamapori walikisoma kitabu hicho kila jioni, na kazi yao ya kesho waliipanga kwa yaliyoandikwa.

"Andika, macho yangu," Cucu alisema.

Ngendo akaandika: Bongo mmoja na mtoto wake. Uwanja wa mapumziko, saa saba kasoro robo. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, na hilo lilizidi kumtia aibu.

Mzee Usman aliishika kalamu muda mrefu. "Mimi sikumwona," alisema.

"Mtoto amemwona," Cucu alijibu. "Ama unataka kusema mtoto ni mwongo?"

Mzee Usman akamtazama Ngendo. Ngendo akatazama raba zake. Mzee akatia sahihi.

Jumatatu habari zilikuwa zimefika shuleni. Ngatia, ambaye hakuacha jambo lipite bila mzaha, alisimama mlangoni mwa darasa. "Jameni, msimsumbue Ngendo, huyu ni rafiki wa bongo. Hata mimi jana niliona simba hapo Gatitu. Alikuwa anauza mandazi."

"Nyamaza, Ngatia," Sumayya alimkata. "Babangu ametia sahihi. Babangu hatii sahihi ovyo."

Darasa likacheka, lakini Ngendo hakuweza. Siku ile alikosea hesabu tatu alizokuwa akizijua.

Alhamisi, wakiwa kwenye foleni ya maji, Sumayya hakuwa na maneno mengi. "Maaskari wako msituni tangu Jumapili," alisema. "Mvua haijakatika. Hawajaona hata unyayo. Baba ameitwa mara mbili kuwaonyesha mahali."

"Wanasema nini?"

"Mmoja amemuuliza ati siku hizi anaswali akiwa amelala. Wengine wakacheka. Zamani walikuwa wakimwambia, Usman akiandika, hatuulizi." Sumayya alijaza kikombe chake, akakimwaga bila kunywa. "Jana baba hakula."

Ngendo alitoka kwenye foleni kabla ya zamu yake kufika. Kwa siku mbili alijiambia kwamba mvua itafuta kila kitu, maaskari watachoka, na mambo yatakwisha. Kila jioni alimsomea Cucu gazeti, na kila jioni Cucu alimwomba amweleze tena mtoto wa bongo. Ngendo alimweleza. Masikio yake yalikuwa makubwa jana. Leo yalikuwa madogo. Cucu hakuonekana kugundua, au kama aligundua, hakusema.

Jumamosi, saa nne asubuhi, Mzee Usman alikuja kwa Cucu akiwa na askari wa wanyamapori aliyeitwa Nderitu. Nderitu alivua viatu mlangoni, si kwa adabu tu, bali kwa tope lililofika magotini. Mguu mmoja ulikuwa umevimba kwenye kifundo. Alipoketi alifumba macho kidogo, kama mtu ambaye angelala hapo hapo akiachwa.

"Samahani, Cucu, kwa kuwaingilia," alisema. "Niko na maswali machache kwa msichana, halafu nitaenda."

Cucu alimwita Ngendo kutoka jikoni alikokuwa akichemsha chai.

"Usiogope," Nderitu alimwambia. "Unajua, mtoto wa bongo kuzaliwa msituni si jambo dogo. Ndiyo maana tumetembea siku sita. Kesho tunazitoa kamera kule kwenye kijito tulikokuwa tunawavizia watega mitego, tuzihamishie pale uwanjani. Watu wanane wataenda. Kwa hivyo nataka tu kujua, walienda upande gani? Juu kwa mianzi, ama chini?"

Chai ilifurika jikoni, ikazima jiko kwa mlio. Hakuna aliyeinuka.

Ngendo alimtazama Mzee Usman. Yeye alikuwa akitazama mikono yake mwenyewe.

"Hawakwenda popote," Ngendo alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini ilisikika. "Hawakuwepo. Niliona tawi likitikisika. Nilikuwa nimechoka, na Cucu aliuliza, nikasema ndiyo. Mtoto nilimtunga."

Nderitu aliunyoosha mguu wake mgonjwa mbele yake, akautazama kana kwamba ni wa mtu mwingine.

"Siku sita," alisema. Hakukaripia. Ingekuwa nafuu kama angekaripia.

"Sahihi ni yangu," Mzee Usman alisema. "Nilithibitisha nisichokiona. Kosa la mtoto ni moja, langu ni lingine."

Ngendo alipiga magoti mbele ya kiti cha Cucu. "Nilitaka ufurahi, Cucu."

"Nilifurahi," Cucu alisema. "Wiki nzima nimelala nikimwona huyo ndama. Sasa nitalala nikiona nini?" Alipapasa mpaka akaupata mkono wa msichana. Hakuubana, hakuuachia. "Sikiliza. Nilikuwa muuguzi miaka thelathini na minne. Mgonjwa akiniuliza kama homa imeshuka, nilisoma kipimo, nikamwambia kilichoandikwa. Siku nyingine nilitamani sana kumwambia vingine. Lakini ningemdanganya, daktari angetibu ugonjwa usiokuwepo. Wewe nilikupa kazi ya kuwa macho yangu. Kazi ya macho si kunifurahisha. Ni kuniambia kilichoko, hata kama ni ukungu kutoka asubuhi mpaka jioni. Mimi sikuchoka na ukungu wako. Ni wewe uliyechoka."

"Na bongo, bado wako?" aliuliza baadaye, akimgeukia Nderitu.

"Wako, Cucu," Nderitu alijibu. "Wachache. Mwaka jana kamera ilinasa mgongo na mkia tu, mbali sana na pale. Lakini ile nimeiona mimi mwenyewe."

Cucu aliitikia kwa kichwa polepole. "Mgongo na mkia. Basi vinanitosha, maana ni vya kweli."

Mzee Usman aliuliza kama ukurasa ule ungeweza kuondolewa. Nderitu alikataa. Kitabu cha langoni hakichanwi wala hakifutwi, alisema. Kosa husahihishwa kwa barua ya aliyeandika, na barua hiyo hubandikwa juu ya ukurasa wake, asome kila atakayekifungua.

Ngendo aliiandika jioni ile, kwenye meza ya Cucu. Aliichana mara nne. Mara ya tano ilikuwa fupi:

"Kwa Mkuu wa Lango. Mimi, Ngendo, mwanafunzi wa gredi ya saba, niliandika kwamba niliona bongo na mtoto wake. Sikuwaona. Askari wametembea siku sita kwenye mvua kwa sababu yangu, na Bwana Nderitu ameumia mguu. Mzee Usman alisema palepale kuwa hakumwona mnyama huyo. Alitia sahihi kwa kuniamini. Naomba msiache kumwamini kwa ajili yangu. Naomba msamaha."

Mama yake alipofika kutoka sokoni aliisoma akiwa amesimama, mfuko wa vitunguu ungali mkononi. Aliisoma mara mbili. Kisha akamrudishia. "Kesho utakwenda kwa kina Sumayya, uwaambie kwa mdomo wako pia," alisema, akaenda kumtafutia bahasha.

Mzee Usman angeweza kuifikisha barua langoni, kwa kuwa Jumanne alikuwa na wageni. Lakini Ngendo alipokwenda kwao Jumapili, alikataa kuishika. "Barua inayonisafisha mimi haifai kubebwa na mimi," alisema. "Ipelekeni posta."

Basi Jumatatu, baada ya shule, Ngendo na Cucu walikwenda posta Nyeri mjini, mmoja akitembea polepole kwa sababu ya miaka, mwingine kwa sababu ya aibu. Kwenye kaunta Cucu alisema, "Nisomee anwani." Ngendo akamsomea, neno kwa neno, hata nambari ya sanduku.

"Imeandikwa vizuri?"

"Neno moja limepinda, Cucu."

"Vema. Ifunge."

Ngendo aliulamba ukingo wa bahasha, akaubana kwa kidole gumba kutoka mwanzo hadi mwisho, akabandika stempu. Karani aliigonga muhuri bila kumtazama, akaitupa katika mfuko wa posta pamoja na barua nyingine zilizokuwa zikienda upande wa milimani.