Mgomba Uliovishwa Shati

Jua lilikuwa linazama Esteri, mama Josepha, aliposhuka kijitoni, pale Murungu, kuopoa muhogo wake uliokwisha kulainika. Kazi ya kawaida tu. Msiba haupiki ugali.

Na msiba alikuwa nao. Mumewe, Niyonzima, fundi matofali na golikipa wa timu ya sokoni, alikuwa amekufa vitani. Vita vya nani? Vya ng'ambo, Burundi, nchi ambayo wazazi wake waliikimbia yeye akiwa bado anabebwa mgongoni. Mwaka tisini na sita baba yake mdogo, Pasikali, akaanza kukusanya vijana. "Nchi inawaita!" Nchi gani inaita watu kwa mdomo unaonuka pombe? Wanawe mwenyewe hakuwagusa, thubutu! Niyonzima akapewa bunduki na raba zisizolingana, akaitwa askari wa miguu, yaani nyama ya kutangulizwa mbele.

Kisha Pasikali akaleta habari: ameanguka, ati shujaa. Maiti hakuna. Wakafanya kama mila inavyotaka kwa aliyefia mbali: wakakata mgomba, wakauvisha shati lake, wakauzika, wakalia. Pasikali ndiye aliyeharakisha. Na sasa, kesho alfajiri, anaondoka na Irakoze, mdogo wa marehemu, kumpeleka vitani. Esteri alikuwa amemsihi shemeji yake mpaka sauti ikakauka. Wapi!

Kapu kichwani, akakata njia ya migombani.

Harufu ikabadilika. Si muhogo tena. Udongo mbichi... na utomvu.

Kwach. Kwach. Kama viatu vilivyojaa maji.

"Ni nde?" alinong'ona. Nani?

"Ni jewe."

Ni mimi, kwa sauti ya mumewe.

Alisimama kati ya migomba, gwanda limemganda mwilini, raba moja nyeusi, nyingine ya bluu. Hakuwa na jeraha. Hata moja. Alipofungua kinywa, udongo ulimwagika kidevuni.

"Mama Josepha... mbona mlinizika?"

"Walisema umekufa."

"Nilikuwa mzima. Nakimbia na wenzangu... miguu ikagoma. Nikasikia mnalia juu yangu. Nikasikia na jembe." Akatema. "Baba mdogo alijua. Nenda nyuma ya jiko lake. Wahi."

Jani likatikisika. Hapakuwa na mtu.

Hofu ilimjia, ndiyo. Ila hasira ilifika kwanza, ikakalia kiti.

Nyuma ya jiko la Pasikali, chini ya mkeka, ulilala mgomba. Mbichi. Umevishwa shati la Irakoze, vifungo vyote, mpaka shingoni. Pembeni shimo limeshachimbwa. Mtu hajafunga hata mzigo, kaburi liko tayari! Alikuwa anawatoa kafara kwa nani, mzee yule? Hakuna ajuaye. Wengine husema ndiyo maana ng'ombe wake walikuwa hawafi.

Esteri akalivua shati. Mgomba ulikuwa na joto.

Koti la Pasikali lilining'inia mlangoni. Mwenyewe yuko uani mbele, anawanywesha vijana, anacheka. Esteri akauvisha mgomba koti lile, akausukuma shimoni, akashika jembe.

"Shemeji!" Irakoze alikuwa amezunguka nyuma kutafuta kuni. "Unafanya nini?"

"Nyamaza. Shika shati lako."

"Si koti la baba mdogo hilo?"

"Ndilo."

Akamwaga udongo. Huko mbele, kicheko kikakatika.

Kikohozi.

"Shemeji, acha... atakufa!"

"Awaite mashujaa wake."

Udongo. Kikohozi. Udongo. Vijana wakaanza kupiga kelele, maji, leteni maji! Mle shimoni koti likainuka kifuani, taratibu, kama linavuta pumzi. Esteri aliona. Irakoze aliona.

Jembe halikusimama.

Halafu kimya.

Irakoze hakwenda vitani. Yuko Kasulu, anafyatua matofali, ameoa. Sikukuu zikifika Esteri humpelekea unga wa muhogo, naye humpokea kwa mikono miwili, karibu shemeji, kaa shemeji, heshima zote. Akishaondoka, ule unga unamwagwa kwenye shimo la taka.

Na nguo zake, mwanamume yule, hata jua liwake namna gani, huzianika ndani, mlango umefungwa.