Mama Aliyekataa Kuwa Adui

Kikopey Jumamosi mchana ni moshi na kelele. Wauza nyama husimama kando ya barabara wakiwapungia wenye magari, "Boss, karibu! Mbuzi laini, ingia!" na ndani ya kila kibanda kisu kinagonga ubao, tak-tak-tak. Sauti hiyo ndiyo Cherop aliyokuja kurekodi kwa ajili ya somo lake. Alisomea filamu katika chuo kimoja mjini Nakuru: msichana mrefu, mweusi wa kung'aa, koti la jinzi lililopauka, sketi ya manjano, na masikioni hedifoni zilizomfunika nusu ya uso. Alikuwa ameinua maikrofoni karibu na ubao pale mtu alipopaza sauti nyuma yake.

"Ndiyo, Mum! Nimekula! Si chipsi, ni nyama! Nyama!"

Cherop alivua hedifoni taratibu. "Boss, umeniharibia kazi. Sasa mbuzi wangu anaongea na mama yake."

Kijana yule alikata simu, akaangua kicheko hadi wauza nyama wakageuka. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi vizuri mno kwa mtu wa rika lake. "Pole sana. Nikununulie mfupa tusameheane?"

"Mfupa? Mimi ni mbwa?"

"Nimekosea. Mbavu."

Aliitwa Kihara. Kumbe walisoma chuo kimoja, yeye upande wa kamera. Walikula mbavu hizo wakibishana kuhusu filamu ipi mbaya kuliko zote walizowahi kuona, na kabla ya muhula kuisha hakuna mwanafunzi aliyemwona mmoja wao bila kuuliza mwenzake yuko wapi.

"Umelala, Cheri wangu?" Kihara angemuuliza kwenye simu.

"Nimelala."

"Sasa huyu anayeongea ni nani?"

"Ni ndoto yako. Usiamke, utanipoteza."

Kabla ya kuaga, Kihara hakusahau kuongeza, "Mathe anakusalimia."

"Nami namsalimia. Lini nitamwona?"

"Karibuni tu. Ako na kazi mingi ya yunifomu za shule."

Mwaka mzima ulipita hivyo, na Cherop akampenda mama ambaye hajawahi kumwona.

Ukafika wakati wa filamu ya kumalizia masomo. Waliamua kutengeneza moja pamoja, ya mapenzi. Mwalimu wao, Madam Nanyama, aliwapa sharti. "Filamu ya mapenzi ina mazoea yake," alisema. "Wanakutana, wanazuiwa, wanaachana, mtu anakimbia kwenye mvua, wanarudiana. Yatumieni, si dhambi. Lakini nionyesheni jambo moja mlilolikataa."

"Tukatae mama mbaya," Cherop alisema walipobaki wawili. "Nimechoka na yule mama anayepiga kelele kuhusu kabila, mkono kiunoni."

"Bila yeye, nani atawazuia?"

"Wajizuie wenyewe. Watu hujizuia."

"Hakuna anayetaka kutazama watu wakijizuia, Cheri. Wanataka adui."

Walibishana siku kadhaa. Mwishowe Kihara aliandika maneno ya mama huyo yeye mwenyewe, haraka, bila kufuta hata mstari. Cherop alishangaa maneno yale yalikuwa yakikaa wapi ndani ya mtu mpole namna ile. Hakuuliza.

Siku ya kupiga picha walienda nyumbani kwa kina Kihara, mtaa wa Free Area. Cherop ndiye angeigiza msichana, na mwenzao Adongo aigize mpenzi wake. Cherop alikuwa amejiandaa kuliko mchezo ulivyohitaji: gauni la kitenge cha bluu, nywele zimesukwa mistari myembamba, na mkobani kibuyu kidogo cha mursik, maziwa ya kwao, zawadi kwa mama yake Kihara. Yeye ndiye aliyebisha hodi.

Mama Kihara alifungua, futi ya fundi ikining'inia shingoni. "Karibuni, karibuni. Na wewe, msichana, unaitwa nani?"

Cherop alidhani ni utani. Akamtazama Kihara. Kihara alikuwa ameinama, akihangaika na miguu ya kamera ambayo haikuwa na tatizo lolote.

"Ni Cherop, Mum," alisema bila kuinua kichwa. "Tunasoma pamoja."

"Aa. Karibu, mgeni."

Kibuyu kilibaki mkobani. Adongo alipoenda kuleta taa, Cherop alimvuta Kihara hadi kwenye korido.

"Mwaka mzima," alinong'ona. "Salamu zote zile, Kihara. Ulikuwa unanisalimia wewe?"

"Cheri, tafadhali. Kamera inarudishwa jioni. Tumalize kwanza, nitakueleza..."

"Usiniite Cheri."

Simu ya Kihara ikalia. Alikuwa Mercyline, mwigizaji aliyepaswa kuwa mama. Alifanya kazi kwenye shamba la maua Naivasha, na leo hakupewa ruhusa. Hatakuja.

Kihara alikaa chini, kichwa mikononi. Adongo ndiye aliyesema, "Si mathe yako ako hapa? Ni mistari michache tu."

Mama Kihara alicheka, akakataa, akaombwa, akakubali. Alijipangusa nyuzi gaunini, akaketi kwenye kochi mkabala na Cherop na Adongo, akaipeleka karatasi mbali na macho ili aone vizuri. Kihara aliwasha kamera.

"'Msichana wa kabila lile hatakanyaga mlango wangu,'" mama alisoma polepole. "'Afadhali nife.'"

Aliishusha karatasi.

"Kihara. Haya umeyatoa wapi?"

"Ni filamu tu, Mum."

"Sijauliza kama ni filamu. Tangu tutoke Molo, umewahi kunisikia nikiyasema?"

Adongo aliangalia viatu vyake.

"Nijibu."

"Hapana, Mum."

"Basi siyasemi."

Kihara alinyoosha mkono kuizima kamera, lakini Cherop alikuwa ameanza kusema. "Mama, sema vile wewe ungesema."

Mkono wa Kihara ukasimama hewani. Mama yake alikuwa ameinua macho, na hayakumwendea Adongo. Yalimwendea Cherop.

"Kwenu ni wapi?"

Kwenye mchezo, msichana yule alitoka Eldoret. Cherop alijua jibu hilo kwa kichwa. "Keringet, karibu na Molo," alisema.

"Keringet." Mama aliweka karatasi chini. "Mimi sikuchukii, msichana. Ndiyo nakuona leo. Lakini kwetu kulichomwa wakati ule wa vita vya uchaguzi. Huyu wangu alikuwa hajaanza shule. Nilimbeba mgongoni, nikaacha ng'ombe wakilia zizini. Mpaka leo nikisikia majina ya kule, mikono yangu inafanya hivi. Tazama."

Aliinyoosha. Ilikuwa ikitetemeka.

"Nitakuuliza kitu kimoja tu. Mwaka ule, baba yako alikuwa wapi?"

Adongo alisahau kuwa anaigiza.

"Sijui, Mama," Cherop alisema. "Sijawahi kumuuliza."

"Kwa nini?"

"Niliogopa atanijibu."

Mama Kihara aliitikia kwa kichwa, kana kwamba jibu hilo alilijua. Halafu akasema, kwa sauti ile ile, "Na huyu kijana ni wako, sivyo? Tangu uingie anakukwepa kwa macho. Mtu hamkwepi mwanafunzi mwenzake."

Cherop aliinuka, akachukua mkoba, akatoka. Kihara alimkimbilia mpaka barabara ya Nairobi. Hakukuwa na mvua. Jua lilikuwa kali, vumbi limejaa, na watu waliosubiri magari wakawageukia.

"Cherop! Ningemwambia nini? Umesikia mwenyewe!"

"Nimesikia mama anayeongea na mtu vizuri. Wewe ulimwandikia maneno asiyowahi kuyasema, halafu ukamwogopa kwa maneno hayo hayo. Mimi ukanificha kama kitu cha wizi!"

"Na wewe? Baba yako umemuuliza nini maisha yako yote?"

Swali lilimpata.

"Hakuna," Cherop alisema. "Ndiyo maana naenda nyumbani."

Alipanda gari la Molo bila kugeuka.

Kihara alipiga simu, haikushikwa. Akaandika ujumbe, akajibiwa mmoja tu: *Usinipigie.* Nyumbani, mama yake alimwekea chakula na kurudi kwenye cherehani. Jioni moja tu alisimamisha gurudumu, akasema, "Nilikulea ukaniogopa?" Ugali ukapoa mbele ya Kihara.

Chuoni, Madam Nanyama alitazama kipande kile mara mbili. "Huyu mama si adui," alisema. "Hapo mmeweza. Lakini mwisho uko wapi? Waletee mvua, wakimbiliane, watu walie, upate alama zako."

"Siwezi, Madam."

"Kwa nini?"

"Sijui kama watarudiana."

Kihara alimwandikia Cherop, safari hii kuhusu kazi tu: filamu inatakiwa, tuimalize vipi? Jibu lilikuja kesho yake. *Iishie pale niliposema niliogopa.* Akaikata pale. Siku ya kuonyeshwa, nusu ya darasa ilizomea ikitaka harusi. Nusu nyingine iliketi kimya, na msichana mmoja wa mstari wa mbele akatoka nje na simu sikioni akisema, "Dad? Uko na dakika?" Kihara hakusubiri alama. Alienda zake nyumbani peke yake.

Kule Keringet, Cherop alikuwa amemfuata baba yake shambani siku baada ya siku, bila kuliuliza swali lile. Mzee Kosgei alikuwa mtu wa maneno machache na koti moja la mvua. Walikuwa wamechuchumaa wakichagua viazi, vikubwa huku, vya mbegu kule, alipolitoa.

"Baba, ule mwaka wa vita, ulikuwa wapi?"

Mzee aliendelea kuchagua. "Nani anauliza?"

"Mimi."

"Na nani mwingine?"

"Mama ya mtu ninayempenda."

Mzee Kosgei aliketi juu ya gunia. "Nilikuwa hapa," alisema. "Sikuchoma kwa mtu. Lakini vijana walipita hapo njiani na petroli, nikiwajua kwa majina, nikaingia ndani nikafunga mlango. Jirani yetu, Gathogo, waliyekuwa wakimwendea, aliniita. Aliniita kwa jina. Nilimsikia."

Hakulia. Lakini viazi vile hakuvimaliza.

Cherop alirudi Nakuru na kwenda moja kwa moja Free Area. Mama Kihara alikuwa kwenye cherehani, rundo la sketi za shule miguuni. Cherop alimweleza kama alivyoelezwa, bila kupunguza jambo, na mwisho akasema, "Sikuja kumtetea, Mama. Uliuliza."

Mama alivua miwani. Cherop akaanza kuinuka.

"Afadhali," mama alisema.

"Afadhali nini?"

"Miaka yote hii, kila mtu wa kule ninayekutana naye hakuwepo. Alikuwa Eldoret, alikuwa Nairobi, alikuwa hospitali. Wote hawakuwepo. Huyu baba yako ndiye wa kwanza aliyekuwepo." Aliivaa tena miwani, akaivua. "Kaa, msichana. Usisimame kama mgeni."

Kihara aliwakuta hivyo, vikombe vya chai mbele yao, hakuna anayekunywa. Alisimama mlangoni, shati halijapigwa pasi, ndevu zimeota ovyo.

"Cherop, nilikudanganya," alisema. "Na wewe, Mum, nilikusingizia. Sikuwa na adui, nikajitengenezea."

"Sijakusamehe vizuri," Cherop alisema.

"Nitangoja."

"Usingoje, Kihara. Fanya kitu."

Alifikiri kidogo, kisha akatoa simu. "Nipe namba ya baba yako."

Aliiweka mezani, sauti ikiwa wazi kwa wote. Iliita mpaka wakadhani haitashikwa.

"Halo?"

"Habari yako, Mzee. Naitwa Kihara. Nampenda binti yako, Cherop. Naomba ruhusa nije kwenu nijulishwe."

Ng'ombe alilia upande ule.

"Kihara," Mzee Kosgei alirudia. "Nyinyi ni wa wapi?"

Kihara alimtazama mama yake. "Sasa ni Free Area, Mzee. Zamani tulikuwa Molo."

Cherop aliziba mdomo kwa kiganja.

"Njoo," Mzee alisema. "Na mama yako, kama atataka, aje."

Mama Kihara aliokota sketi moja ya shule, akaikunja, akaikunjua. "Mwambie njia ile sijaipita tangu siku hiyo," alisema. "Mwambie sijui kama miguu itakubali."

Kihara alimwambia.

"Nimesikia," Mzee alijibu. Simu hakuikata.

Cherop alisogea kwenye kochi, na mbele ya mama huyo, bila kujificha, akaushika mkono wa Kihara, akaubana kwa nguvu.

"Mwambie," Mama Kihara alisema, "nitajaribu."