Swali la Figo

Jumamosi hiyo duka la miwani lilifurika watu mpaka wengine wakakaa kwenye kingo za dirisha. Kaunta ilikuwa chini ya dada mkubwa, ambaye aliita wateja kwa sauti ya mnadani. Nyuma, kwenye chumba cha kupimia macho, mdogo wake wa kike alikuwa amemkalisha kitini mwanamume mrefu, shati la buluu limenyooka kwa pasi, viatu vinang'aa, manukato yake ya kistaarabu. Mwanamume huyo alisoma ubao wa herufi kutoka juu hadi chini bila kusita.

"Macho yako mazima kabisa," mpima macho alimwambia. "Sasa umefuata nini hapa?"

"Ofisi imenilazimisha."

Kilichomtatiza mpima macho ni kwamba ule mstari wa mwisho, wenye herufi ndogo kama sisimizi, mtu huyu aliusoma huku ameelekea ukuta wa pembeni usio na ubao. Akabonyeza kitufe, zikatokea herufi nyingine kabisa.

"Hebu rudia mstari wa mwisho."

Mwanamume akausoma uleule wa mwanzo, tena kwa madaha.

"Uliukariri," mpima macho alisema, akawasha taa. "Mlango ulikuwa wazi, ukaukariri kwenye foleni kwa kuwasikiliza wenzako wakisoma."

"Kwani huu si mtihani? Mtihani unasomewa."

Mpima macho akashikwa na butwaa. Mtu wa kukariri ubao wa macho ili asifeli alikuwa mmoja tu chini ya jua. Akasogea karibu. "Profesa?"

Mwanamume alikunja uso, maana hata sura ya umbali ule haikumjia vizuri. "Sauti hiyo naijua. Usiniambie ni Miwani."

Ndivyo walivyoitwa sekondari. Profesa alikuwa wa kwanza na Miwani wa pili, muhula nenda muhula rudi, na salamu hawakupeana. Miwani aliwahi kumwombea malaria, si ya kuua, ya kumlaza wiki ya mitihani tu. Malaria haikuja. Lakini kwenye mtihani wa kumaliza shule mambo yaligeuka: Miwani akawa wa kwanza, Profesa wa pili, na baba yake Miwani akakitundika cheti sebuleni.

Furaha hiyo ilikuwa na mwiba ndani yake. Katika karatasi ya biolojia, swali la mwisho lilitaka mchoro wa figo. Miwani aliinua kichwa, akamwona Profesa ameweka kalamu chini, amekunja mikono kifuani, anatazama nje kana kwamba anasubiri chai. Alikaa hivyo mpaka kengele ikalia. Kwa nini? Swali hilo lilimfuata Miwani chuoni, likamfuata kazini, na sasa mwenye jibu alikuwa amekaa kwenye kiti chake.

Hakumuuliza siku hiyo. Walipeana namba za simu.

"Uko wapi?" Miwani alimpigia wiki iliyofuata.

"Juu ya lifti."

"Ndani ya lifti, unamaanisha."

"Juu yake, mpenzi. Ninyi mnabonyeza vitufe, sisi tunazitengeneza."

"Ukianguka je?"

"Utabaki wa kwanza bila mpinzani."

Miwani alicheka mpaka mteja akageuka. Wakaanza kutoka pamoja, na ushindani haukuwaacha: nani atafika juu ya ngazi kwanza, nani atamenya chungwa bila kukata ganda. Lakini sasa mshindwa alipigwa busu, kwa hiyo hakuna aliyelalamika. Miwani akajikuta anampenda kwelikweli, na kadiri alivyompenda ndivyo swali lilivyomwasha.

Alilitoa jioni moja kwenye mkahawa wa ghorofani. Alivaa gauni la kijani, hereni ndefu, midomo ameipaka rangi kidogo.

"Lile swali la figo. Kwa nini uliliacha?"

Profesa alizungusha glasi yake. Kisha akatabasamu kama mtu aliyeshika zawadi nyuma ya mgongo.

"Nilikuachia."

"Uliniachia?"

"Nilikupenda tangu wakati ule. Nikaona nikupe nafasi ya kwanza."

Miwani aliweka uma chini. Aliumia, na aliumia mahali ambapo Profesa hakupajua. "Kwa hiyo kile cheti cha baba ni sadaka yako."

"Mpenzi, sikusema hivyo."

"Umesema hivyohivyo." Akachukua mkoba wake na kuondoka.

Simu ikalia asubuhi, mchana na jioni. Hakupokea.

"Mtu mzima na akili zako," dada yake alimwambia huku akipanga fremu kabatini, "unamwacha mwanamume kwa sababu ya figo?"

"Si figo, dada. Nikiolewa naye, kila nitakachokipata nitajiuliza kama ni changu au nimeachiwa. Sitaweza."

"Na kama hakukuachia?"

"Basi ni mwongo."

"Heri mwongo, anatibika. Nitamwambia hivyo, maana sasa ananipigia mimi."

Kesho yake Profesa aliingia dukani akiwa amevaa ovaroli, grisi mpaka kwenye kiwiko. Akapanga foleni kama watu wengine. Zamu yake ilipofika, Miwani alikuwa amesimama kaunta pamoja na dada yake.

"Nilikudanganya," alisema. "Sikulijua. Ile sura ya figo niliiruka, nilidhani haitatoka. Nilikunja mikono kwa sababu ilikuwa inatetemeka. Siku ile mkahawani nikaona bora nionekane nilikupenda kuliko nionekane nilishindwa."

Miwani hakumwamini mara moja. Huenda huu nao ulikuwa uongo wa kubembeleza. Akavuta kifuniko cha boksi, akampa kalamu. "Chora."

"Hapa? Mbele za watu?"

"Hapa."

Profesa akachora, jasho linamtoka. Dada mkubwa akainama kutazama. "Mimi naona kiatu."

"Na huu mstari?" Miwani aliuliza.

"Mrija."

"Unakwenda wapi?"

"Kwenye mapafu," Profesa alijibu kwa unyonge.

Miwani alicheka mpaka machozi. Hakuna mtu mwenye kujua figo angeweza kuiharibu namna ile. Ushindi ulikuwa wake, wa halali, miaka yote. Akausubiri ule utamu wake, ukaja, ukapita upesi kuliko alivyotarajia. Kilichobaki ni mwanamume huyu mwenye grisi, aliyekuja kukiri kushindwa mbele ya duka zima ili asimpoteze. Moyo ukamlainika.

"Sema sasa."

"Ulinishinda."

"Sikusikia."

"Ulinishinda," alisema kwa sauti, na foleni nzima ikageuka. Kisha akaukamata mkono wa Miwani juu ya kaunta. "Na mimi nina swali. Je, utakubali nik—"

"Ndiyo."

"Sijamaliza kuuliza."

"Mimi nimeshamaliza," alisema Miwani.